Maneno Aliyoyasema Treni Ikipita

Mtaa ule wa kando ya reli ulikuwa na adabu yake. Treni ikija, watu walinyamaza. Si kwa heshima. Ni kwamba hata ukipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikusimame, aliye mbele yako ataona mdomo tu. Basi mtu alikata neno katikati, akangoja, behewa la mwisho likishapita akaendelea palepale alipoachia. Mwenye duka alikuambia, "Sukari, jirani yangu, ime—" kisha treni, kisha "—kwisha tangu asubuhi." Hakuna aliyeona ajabu. Na aliyekuwa anasikiliza alikuwa na wajibu wake: kungoja. Kumwacha mtu na neno nusu mdomoni ukajiendea zako, hilo lilikuwa kosa. Mtoto alichapwa kwa hilo.

Mtu mmoja tu hakuifuata adabu hiyo. Mama Pasi. Wengine wakifunga midomo, yeye ndipo alipofungua wake.

Mumewe alikuwa mlinda geti, pale barabara ilipokatana na reli. Watu walimwita Mzee Geti tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Kazi yake ilikuwa kushusha chuma, kupeperusha bendera, kupandisha chuma. Maneno hayakuwa mali yake. Walisema Mzee Geti akikuambia "habari za asubuhi", ujue amehutubia.

Walikutana getini. Alikuja msichana na furushi la nguo kichwani, akakuta chuma kimeshashuka. Treni ilikuwa ya mizigo, ile inayojikokota kama haitaki kufika. Mlinda geti akaona midomo ya yule msichana inakwenda. Akadhani anatukanwa, maana waliocheleweshwa pale walimtukana sana, kama vile yeye ndiye aliyeileta treni. Ilipopita akamwuliza, "Dada, ulikuwa unasemaje?"

"Nimeshasema," akajibu, akapita na furushi lake.

Kesho yake vilevile. Na siku iliyofuata. Mwisho mtu aliyeajiriwa kuangalia reli akawa anaangalia barabara. Msimamizi wake alimwonya. Hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Wakaoana.

Walipata nyumba hatua chache kutoka getini. Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha pana lililotazama reli, na hapo ndipo mwanamke alipoweka meza yake. Alitandika blanketi, juu yake shuka, juu ya shuka ndio mashati ya watu. Pasi yake ilikuwa ya makaa, nzito, mpini wa mti uliong'aa kwa kushikwa. Alinyunyiza maji kwa vidole kutoka kwenye bakuli. Alilamba kidole, akagusa kitako cha pasi, akasikiliza inavyofyonza, akajua kama imefika. Suti za maharusi zilipita pale, na sare za shule. Hata jambazi mmoja wa mtaa alileta shati lake siku ya kwenda mahakamani. Mama Pasi akalinyoosha mpaka kola. Alipoulizwa akasema, "Atafungwa, lakini hatafungwa na makunyanzi."

Sasa, kazi ile kando ya reli ilikuwa na shida yake. Treni ikipita, nyumba ilitetemeka, na nyumba ikitetemeka makaa yalicheza ndani ya pasi, cheche na majivu yakatoka kwenye matundu. Shati jeupe likiguswa na hayo, basi tena, utalilipa. Kwa hiyo akisikia tu reli inaanza kuimba, aliinua pasi, akaiweka juu ya kigae pembeni, akakaa mikono mitupu. Mikono ya mtu yule haikuzoea kukaa bure. Ndiyo maana labda kazi iliingia mdomoni.

Alisimama dirishani akasema. Hakupiga kelele. Alisema tu, polepole, macho nje. Mabehewa yakapita mbele yake, moja, jingine, jingine. Likipita la mwisho alichukua pasi, akageuka na uso uliotulia, akamwuliza mumewe aliyetoka zamu, "Utakunywa chai?"

"Ulikuwa unasemaje?"

"Nimeshasema."

Ukawa ndio mchezo wao. Wengine wana nyimbo, wengine wana majina ya chumbani. Wao walikuwa na hilo. Mzee Geti alistaafu, akahamisha kiti chake kutoka getini mpaka mlangoni mwake, na mchezo ukaendelea. Aliuliza kila siku. Hakusisitiza, maana aliona siku zipo. Na mbele za watu alipenda kujisifu kidogo, yeye asiyejisifu kwa lolote: "Mke wangu hana kinyongo. Hajawahi kuninunia." Wenzake walikohoa. Mwanamme ambaye hajawahi kununiwa, walisema, ama ni malaika ama ni kipofu.

Halafu ikaja ile siku. Mama Pasi alikuwa amebakiza nguo chache. Aliweka pasi kwenye kigae, ingawa hapakuwa na treni. Alisema, "Ngoja ninyooshe mgongo kidogo." Maisha yake yote alinyoosha nguo za watu, mgongo wake aliunyoosha siku hiyo moja. Hakuinuka.

Watu walikuja, wakalia, wakaondoka. Wenye nguo wakachukua nguo zao, nyingine zikiwa bado na makunyanzi, na hakuna aliyelalamika. Mzee Geti hakuigusa pasi. Ilibaki juu ya kigae na majivu yake ndani.

*

Hazikupita siku nyingi wakaja watu wenye kofia za plastiki za njano. Walipima, wakapigilia vigingi, wakachora alama nyekundu kwenye kuta. Mmoja wao, kijana mpole, alimkuta Mzee Geti kwenye kiti chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hapa inapita njia mpya, mzee wangu. Juu kwa juu, kwenye nguzo. Huku chini maghorofa, maduka, stendi. Mtaa utapendeza huu mpaka mtajisahau."

"Na geti?"

"Geti la nini tena? Magari chini, treni juu. Hakuna kungojana."

"Hakuna kungojana," mzee akarudia.

"Tena haina kelele! Ni ya umeme. Unakunywa chai yako, imepita hata hujui."

Mzee Geti alifikiri kidogo. "Sasa mtu mwenye maneno yake atayasemea wapi?"

Kijana alicheka, akidhani ni utani wa wazee. Mzee hakucheka.

Fidia ilitoka, na kwa hilo hapakuwa na manung'uniko makubwa, tuliache. Watu wakaanza kuhama. Waling'oa mabati kwanza, halafu madirisha, halafu milango. Ukikaa barazani uliona milango inatembea yenyewe kichochoroni, miguu ya watu ikionekana chini yake. Mtaa ukabaki kama kinywa cha kizee, jino hapa, jino kule. Mwenye duka aliondoka. Jirani wa ukuta mmoja aliondoka, akaja kumkumbatia Mzee Geti na kulia, akasahau ufagio wake, akarudi kuuchukua, ikabidi walie tena.

Mzee Geti hakuondoka.

Binti yake, mtoto wake pekee aliyebaki, alikuwa na chumba tayari kwake upande wa pili wa mji. Alipaka rangi. Alinunua kitanda. Alikuja kumchukua, baba akasema, "Kesho." Akaja tena. "Kesho, mama."

"Baba, kesho yako haina mkia wala kichwa. Unataka katapila likukute kitandani?"

"Kesho."

Hakuwa mkaidi kwa asili. Alikuwa na jambo, na jambo lenyewe hakuweza kulisema kwa sababu alijua ni la kitoto. Treni zilikuwa bado zinapita kwenye reli ya zamani. Kila ilipopita alikaa kwenye kigoda chake, akatazama pale nyuma ya meza, pale aliposimama yule mtu. Alijua marehemu hasemi. Lakini yeye alikuwa mtu wa mtaa ule. Na mtaa ule, mtu akikatwa neno na treni, unamngoja. Humwachi na neno nusu ukajiendea zako. Akiondoka pale, nani atabaki kungoja?

Ndiyo hivyo. Alikuwa anangoja.

*

Aliyebaki mwingine ni fundi viatu wa ng'ambo ya kichochoro. Kibanda chake kifupi cha bati kiliipa reli mgongo, kikatazamana uso kwa uso na dirisha la Mama Pasi. Alikuwa kiziwi. Homa ilimchukua masikio akiwa mtoto, lakini ilimkuta ameshajua kusema, naye hakuacha. Alisema asubuhi mpaka jioni, tena kwa sauti ya juu, kwa kuwa hakuisikia. Mtaa ukamwita Redio, kwa sababu hana pa kupunguzia sauti. Ukimsemea alikutazama mdomo, akaelewa kila kitu. Ukimsengenya ng'ambo ya barabara, alikujibu kutoka hukohuko.

"Nangoja wenye viatu!" alitangaza akiulizwa kwa nini hahami. "Watu wamehama peku! Nitavipeleka wapi viatu hivi vyote? Nimekuwa jongoo?"

Siku ya siku ikafika. Ilikuwa asubuhi yenye jua. Katapila lilikuwa limesimama mwisho wa kichochoro, dereva wake amekaa kwenye kivuli cha gurudumu anakula mkate. Msimamizi wa ubomoaji alikuwa mtu mwenye mama yake pia. Alisema hatagusa nyumba hiyo mpaka treni ya mwisho ipite. Baada ya hiyo, reli ya zamani inafungwa. Ilikuwa inatarajiwa wakati wowote.

Binti alikuja na gari la kukodi na mumewe akiendesha. Walipakia mabati, madirisha, kitanda, sufuria, sanduku. Kilichobaki ni meza ya pasi, pasi yenyewe, na mzee kwenye kigoda.

"Baba, inuka tubebe kigoda."

"Ikipita."

"Ikipita nini?"

"Treni."

"Halafu ikipita?"

Binti akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono. Alikuwa na mikono ya mama yake, mipana, yenye joto.

"Baba yangu. Niambie mimi. Hapa kuna nini? Nyumba ni ukuta tu. Mama hayumo humu."

Mzee alitazama sakafu. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba:

"Namngoja mama yako amalize."

"Amalize nini?"

"Kusema. Kila treni alisema kitu. Sikusikia hata siku moja. Nilimwuliza, akaniambia ameshasema. Sasa amekwenda na neno lake. Nikiinuka hapa, nimemkata."

Binti aliweka kichwa magotini pa baba yake. Wakakaa hivyo.

Ng'ambo, Redio alikuwa na kiatu mapajani na sindano mkononi. Dirisha lilikuwa wazi, halina hata fremu. Midomo ya mzee ilikuwa inaonekana vizuri.

Alivuka kichochoro na kiatu mkononi.

"WEWE GETI!" Hata katapila lingekuwa linanguruma yeye asingelisikia, lakini dereva wake aliruka na mkate wake. "Hicho ndicho unachongojea? Miezi yote umekaa hapo umetumbua macho kama bundi, kumbe ni hicho? Si ungeniuliza!"

Mzee alikunja uso. "Nikuulize wewe? Kiziwi?"

"Ndiyo, mimi kiziwi! Treni inanihusu nini mimi?"

Binti aliinua kichwa, akamtazama fundi viatu, akatazama dirisha, akatazama kibanda kilichokuwa ng'ambo yake miaka yote. Mzee Geti alichelewa kidogo kufika, lakini akafika. Mdomo wake ukabaki wazi.

"Ulikuwa unamwona?"

"Kila siku! Alisimama mbele yangu kama mtu anayesoma taarifa ya habari."

"Na hukusema?"

"Angeniua! Siku moja alinikuta namtazama, nacheka peke yangu. Akaelewa. Akaichukua pasi, ya moto, moshi unatoka! Akaninyooshea hivi, akasema kwa midomo tu, bila sauti, nafikiri: 'Redio, ukilitangaza hili nitakupiga pasi ulimi.' Yule mama hakuwa na mzaha. Nikafunga. Mimi, niliyeshindwa kufunga jambo lolote maishani mwangu, hilo nililifunga."

Binti alianza kucheka na machozi bado yapo. "Mama huyo," akasema. "Mama mwenyewe huyo."

"Alikuwa anasemaje?" mzee akauliza.

Redio alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akajaribu kushusha sauti. Ilishuka kidogo, ikapanda tena.

"Alikuwa anakutukana."

"Ananitukana?"

"Sana! Kwamba unaacha viatu mlangoni, watu wanajikwaa. Kwamba ukinywa chai unavuta kama ng'ombe mtoni. Kwamba ulimkaribisha dada yako akae mwezi mzima bila kumwuliza mwenye jiko. Na ulivyomnunia huyu kijana alipokuja kuposa..." akamwonyesha mkwe, aliyekuwa mlangoni na kamba mkononi, "siku hiyo ilikuwa treni ndefu ya mizigo, na hakurudia neno! Niliacha kazi yangu nikawa nashangilia."

Mkwe akatazama juu, pale dari ilipokuwa.

"Na mengine hayakuwa matusi," Redio akaendelea. "Yalikuwa ya uchungu. Ya mtoto wenu wa kwanza, yule aliyetangulia. Hayo alimwambia mwenyewe, mtoto. Sikuyatazama yote. Kuna siku niliinamisha kichwa. Hayo hutayapata kwangu, Geti, hata uninyooshee pasi."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Kwa mtoto yule, ndani ya nyumba, wao wawili walinyamaza tu. Yeye alidhani wamenyamaza wote.

"Lakini kumaliza alimaliza," Redio akasema. "Usijidanganye kwamba alikatwa. Yule mwanamke hakuwahi kukatwa. Alikuwa anachungulia kule, akiona behewa la mwisho linakuja, alifunga maneno yake vilevile kila siku, kama mtu anayefunga mlango wake. Alisema, 'Haya, chukua hayo. Niachie huyu.'"

"Anamwambia nani?" binti akauliza.

"Treni! Anaiambia treni! Chukua hayo, niachie huyu." Na kidole chake chenye gundi kikamgusa Mzee Geti kifuani.

Mzee alikaa na hilo. Aliuona ule uso uliogeuka kutoka dirishani siku zote, umetulia, umeoshwa. Utakunywa chai? Aliwaambia watu kwamba mke wake hana kinyongo. Kumbe alikuwa nacho kama watu wote, ila kilikuwa na usafiri.

Akacheka. Kidogo, puani. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu msiba, kikamwuma mbavuni.

Aliinuka. Binti alichukua kigoda haraka, asije akabadili mawazo. Mzee alikwenda mezani, akafungua kifuniko cha pasi, akaitoa nje, akamwaga majivu kando ya reli. Yalikuwa machache. Upepo ukayachukua kabla hayajatua vizuri. Akapangusa ndani kwa kona ya shati lake, akafunga pasi, akaikumbatia.

"Meza?" mkwe akauliza kwa sauti ndogo, maana habari ya posa ilikuwa bado hewani.

"Ibebe," mzee akasema. Halafu, kwa kuwa ilikuwa siku ya maneno, akaongeza: "Taratibu, mwanangu. Mguu mmoja umelegea."

Mkwe aliibeba kama anabeba yai.

Reli ikaanza kuimba. Ilitoka kwenye kona ile treni ya mwisho, kuukuu, ya kutu, ikipiga honi mfululizo kuaga. Msimamizi akavua kofia yake ya njano. Mzee Geti alisogea mpaka palipokuwa na chuma chake. Nguzo ilikuwa imebaki, chuma kimeshang'olewa. Mkono wake mmoja uliinuka wenyewe, ukashusha kitu ambacho hakikuwepo. Akasimama na pasi kifuani, mabehewa yakaanza kupita.

Midomo yake ikacheza.

Ilianza kwa shida, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. Kisha ikashika mwendo. Binti yake alikuwa hajawahi kumwona baba yake akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Hakusikia hata moja. Aliona tu mashavu yamelowa, na shingo ikiinama, ikiinuka.

Aligeuka kumtafuta Redio. Redio, aliyekuwa hapitwi na mdomo wa mtu, alikuwa amewapa mgongo wote. Alikuwa ameinamia gunia lake, anapanga viatu vya watu waliohama, kushoto na kulia.

Behewa la mwisho likapita. Vumbi likatua. Kule mwisho wa kichochoro katapila likawashwa.

"Baba," binti akasema, "ulikuwa unasemaje?"

Mzee alimtazama. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini ulikuwa umetulia.

"Nimeshasema."

Akatembea mpaka kwenye gari, akakataa kushikwa mkono, akapanda, akaweka pasi mapajani. Wakampisha Redio na gunia lake nyuma, juu ya godoro, akiwa ameshaanza kutangaza jinsi ya kuendesha. Binti alikaa katikati, begani pa baba yake. Gari likayumba, likavuka reli bila kungoja mtu.

"Tukifika utakunywa chai?" binti akauliza.

Ilibidi mzee atazame nje kidogo kabla ya kujibu.

"Nitakunywa," akasema. "Lakini mjue navuta kama ng'ombe."